Kwa Nini Waambiwa Ulale Kifudifudi? Mlalo wa Mgonjwa na Picha ya Mishipa ya Fahamu ya Mguu



Miongoni mwa maswali ambayo mama zetu huyaleta baada ya darsa, na aghalabu huyaleta kwa sauti ya chini, ni hili la kipimo cha mguu. Mama ana maumivu yanayoshuka kutoka nyonga hadi wayo, au ana kidonda cha kisukari kinachotaka kusafishwa, au amevunjika kifundo na anangoja kupasuliwa. Huingizwa katika chumba cha ultrasaundi, akaambiwa apande kitandani, alale kifudifudi, na nguo ipandishwe juu ya goti. Wako wanaoona haya wakakataa. Wako wanaokubali, lakini hujikunja, hukaza misuli na kuvuta leso kila dakika, kisha huambiwa kwamba picha haikutoka vizuri na warudi siku nyingine. Na wako wanaouliza jambo zito zaidi: je, hatukufundishwa kwamba kulala kifudifudi kumekatazwa?

Swali hili la mwisho lina jibu lake katika fiqhi, nami nitalifikia. Lakini haliwezi kujibiwa sawasawa mpaka ifahamike kwanza kwa nini daktari ataka mlalo ule hasa. Mtu akidhani kwamba ni mazoea tu ya chumba kile, ataona hana dhara akiukataa. Ukweli ni kwamba kwa mishipa ya fahamu ya mguu, namna mwili ulivyolazwa huamua mshipa utaonekana au utafichika, na wakati mwingine huamua sindano itaingia mahali pake au itachoma mshipa wa damu.

Mshipa mkubwa tutakaouzungumzia si mgeni kwetu. Waarabu huyaita maumivu yake irqu n-nasaa, na yametajwa katika vitabu vya tiba vya Waislamu wa kale, ikiwamo Al-Qanun ya Ibn Sina. Madaktari wa leo huuita mshipa wa siatiki. Ndio mshipa mnene kuliko yote ya fahamu katika mwili wa binadamu. Hapo unapotoka kwenye nyonga, upana wake wakaribia sentimita 2. Mizizi yake hutoka chini ya uti wa mgongo, hupita ndani ya makalio baina ya mfupa wa kukalia na kile kinundu cha mfupa wa paja, ukashuka nyuma ya paja chini ya misuli minene. Ukikaribia goti hugawanyika mara mbili. Tawi moja hushuka katikati ya uvungu wa goti kuelekea shavu la mguu na wayo. Jingine huchepuka upande wa nje, likazunguka shingo ya ule mfupa mwembamba chini ya goti, kuelekea mbele ya muundi. Mahali pa mgawanyiko si pamoja kwa watu wote. Kwa wengi ni baina ya sentimita 5 na 10 juu ya mkunjo wa goti, lakini kwa wengine ni juu zaidi, na hii ndiyo sababu mojawapo ya daktari kupitisha kifaa chake juu na chini mara nyingi kabla hajasema neno.

Kifaa hicho, ambacho wenyewe hukiita probu, hakitoi miale kama ya eksirei. Hutoa mawimbi ya sauti ambayo sikio letu haliyasikii. Mawimbi hupenya katika nyama laini kwa mwendo wa takriban mita 1,540 kwa sekunde, na kila yanapokuta mpaka wa kitu na kitu, sehemu yake hurudi kama mwangwi. Mashine huhesabu muda na nguvu ya mwangwi huo, ikachora. Mfupa huyarudisha karibu yote, hivyo nyuma yake huwa kiza kitupu. Hewa nayo huyazuia, ndiyo maana ngozi hupakwa jeli. Tena kuna sharti jingine: sauti yenye mawimbi ya haraka, megahezi 10 hadi 15 hivi, huchora picha safi lakini haifiki mbali, na ile ya megahezi 2 hadi 5 hufika ndani lakini picha yake si kali. Kwa hivyo kila mlalo unaousogeza mshipa karibu na ngozi, au unaouondoa mfupa njiani, humpa daktari picha bora bila kubadili mashine.

Liko na suala la pembe. Mmeona mabati ya paa yanavyotazamwa kutoka baharini wakati wa alasiri: chombo kikiwa mahali fulani paa lang'aa kama fedha, kikisogea kidogo lafifia, ilhali bati ni lilelile. Mishipa ya fahamu na kano zina tabia hiyo mbele ya sauti. Wimbi likiupiga mshipa wima, mshipa hung'aa na huonekana kama sega la nyuki, vijiduara vyeusi vilivyozungukwa na weupe. Wimbi likija kwa mshazari, weupe ule hutoweka na mshipa ukafanana na nyama iliyo jirani yake. Nyuma ya goti, mshipa wa siatiki haulali sambamba na ngozi. Kadiri unavyoshuka ndivyo unavyopanda juu kuelekea ngozi. Daktari hulazimika kuinamisha probu kidogo kuelekea miguuni ili wimbi liupige sawasawa. Mguu ukiwa umepinda vibaya au mgonjwa akiwa anajisogeza, pembe ile hupotea kila inapopatikana.

Sasa tuuangalie ule mlalo wa kifudifudi wenyewe.

Mgonjwa hulazwa juu ya tumbo, na mto huwekwa chini ya muundi ili goti likunjike kidogo tu na mguu ubaki huru, au wayo huachwa ukaning'inia nje ya ukingo wa kitanda. Mto ule una kazi. Goti likinyooka kabisa, utando wa nyuma yake na kano za pande mbili hukazana kama kamba za tanga, na probu haipati mahali pa kutua. Likikunjika mno, ngozi hufanya mikunjo na uvungu wa goti hujifunga. Mkunjo mdogo hulegeza yote, na mshipa hukaa wazi baina ya misuli.

Kuhusu kuuacha wayo huru, hapo pana jambo ambalo mimi binafsi nililistaajabia nilipolisoma. Daktari akiwa hana hakika kama akionacho ni mshipa wa fahamu au ni kipande cha mafuta, humwambia mgonjwa avute vidole vya mguu kuelekea muundi, kisha avisukume chini kama anayekanyaga pedeli ya cherehani. Basi yale matawi mawili ya siatiki, huku yakiwa bado yameshikana au ndiyo yanaanza kuachana, huinuka na kushuka kwa zamu: moja likipanda kuelekea ngozi, jingine hushuka, kisha hubadilishana. Madaktari hukifananisha na ile pembea ya ubao ya watoto. Mafuta hayafanyi hivyo, wala kano haifanyi hivyo. Mgonjwa mwenyewe, kwa kuchezesha wayo wake, ndiye anayeuonyesha mshipa wake. Wayo ukiwa umebanwa na godoro, au ukiwa umefungwa ndani ya leso iliyokazwa mpaka kwenye vidole, ishara hiyo haipatikani.

Halafu kuna mishipa ya damu. Katika uvungu wa goti, ateri na vena hupita ndani zaidi kidogo ya mshipa wa fahamu, jirani nao. Ateri hupigapiga na hutambulikana. Vena ni laini. Probu ikikandamizwa hubanika ikatoweka kwenye picha kana kwamba haipo, na hatari ya sindano ni kuingia pale pasipoonekana. Kwa hivyo daktari mzoefu hulegeza mkono, au humkamua mgonjwa shavu la mguu ili damu ipande na vena ijae. Mama anayekaza msuli kwa haya huifanya kazi hii kuwa ngumu, kwani msuli uliokazwa huvimba, huusukuma mshipa na kuitikisa picha. Simlaumu. Naona afadhali angeelezwa mapema, na wahudumu wengi hawaelezi.

Je, kifudifudi ndio mlalo wa pekee? La, na hapa ndipo mgonjwa ana haki ya kuuliza. Mama mjamzito halazwi juu ya tumbo, wala mzee mwenye dhiki ya pumzi, wala aliyevunjika mbavu. Hawa hulazwa kwa ubavu, mguu unaotazamwa ukiwa juu, na mto baina ya magoti. Mshipa huonekana vizuri, mgonjwa hujisikia amesitirika zaidi, na anaweza kuchezesha wayo. Kinachopungua ni utulivu: mguu hubingirika usipoegemezwa, nyama hulala upande mmoja kwa uzito wake, na jeli huteremka. Mlalo wa tatu ni wa chali, kisigino kikiwa kimeinuliwa juu ya mito au kigoda mpaka ipatikane nafasi ya mkono chini ya goti. Probu huingizwa kutoka chini ikitazama juu. Huu humfaa aliyevunjika na asiyeweza kugeuzwa kabisa. Lakini daktari hufanya kazi kinyumenyume, kwani kilicho karibu na probu ndicho kilicho chini kitandani, na asiyeuzoea huchelewa au hukosea upande. Ukiwa na udhuru au haya nyingi, omba ubavu. Daktari akisema kwamba kwa mguu wako ubavu hautatosha, mwombe akueleze kwa nini, nawe utajua kwamba hakusema kwa uvivu.

Mlalo uliwashughulisha matabibu kabla mashine hizi hazijakuwako. Gaston Labat, daktari aliyezaliwa kisiwa cha Mahé huko Shelisheli, jirani zetu wa bahari hii, aliandika mwaka 1922 kitabu mashuhuri juu ya ganzi ya sehemu ya mwili. Kwa ganzi ya siatiki alimlaza mgonjwa kwa ubavu, goti la juu limekunjwa na kisigino kikiegemea goti la chini, akapiga mistari baina ya vinundu vya mifupa ili ajue sindano iingie wapi. Hakuwa akiona ndani. Mlalo ndio uliokuwa jicho lake, kwa sababu mifupa ikikaa mahali pamoja kila mara, mshipa nao hukisiwa ulipo. Picha zilikuja baadaye. Mwaka 1988 Bruno Fornage alichapisha maelezo ya namna mishipa ya fahamu ya mikono na miguu inavyoonekana kwa ultrasaundi, na katika miaka ya 1990 madaktari wa Vienna, Austria, wakaanza kuongoza sindano kwa picha hizo: Stephan Kapral na wenzake kwa mkono mwaka 1994, na Peter Marhofer na wenzake kwa mshipa wa mbele ya paja mwaka 1997.

Huo mshipa wa mbele ya paja wataka mlalo wa chali, na una habari yake katika nyumba zetu. Bibi ameteleza bafuni, nyonga imevunjika, hawezi kuguswa. Kumgeuza ni kumtesa. Kwa rehema za Mola, mshipa unaobeba sehemu kubwa ya maumivu ya paja hilo hupita kinenani, na bibi huyo hahitaji kugeuzwa hata kidogo: kuanzia nje kuja ndani hupangika mshipa wa fahamu, kisha ateri, kisha vena, chini kidogo ya mkunjo wa kinena. Mguu ukiweza kufunguliwa nje kidogo na kugeuzwa wayo kuelekea nje, eneo hilo hujitandaza. Ukiwa umevunjika huachwa ulivyo. Kwa mwenye tumbo kubwa, msaidizi huliinua tumbo kwa mikono miwili ili kinena kionekane, na jambo hili bibi zetu huliona aibu kubwa, kumbe ni la dakika chache. Ganzi ikishashika hapo, ndipo bibi anapoweza kuketishwa au kugeuzwa kwa ajili ya matibabu mengine.

Mishipa midogo nayo ina milalo yake. Lile tawi la nje linalozunguka chini ya goti liko karibu sana na ngozi, juu ya mfupa, na hutazamwa mgonjwa akilala kwa ubavu na goti limekunjwa kiasi. Ndilo hubanwa na plasta iliyokazwa vibaya au kuchuchumaa muda mrefu, na mtu akaburura wayo. Mshipa wa ndani ya kifundo, unaopita nyuma ya lile jicho la ndani la mguu, hutazamwa mgonjwa akiwa chali, goti limekunjwa na kuangushwa nje, mithili ya mtu anayetaka kuketi kitako cha kukunja miguu. Huo waweza kuonekana umenenepa kwa baadhi ya wenye kisukari, na katika ugonjwa wa ukoma pia. Lakini unene huo hupimwa kwa milimita chache, na mshipa uliovutwa huwa mwembamba kuliko uliolegea. Nyonga ikikunjwa na goti likinyoshwa, siatiki huvutika mpaka chini. Mvuto huu ndio unaojitokeza katika kile kipimo cha kuinua mguu ulionyooka ambacho Forst, mwanafunzi wa Lasègue wa Ufaransa, alikiandika mwaka 1881. Kwa hivyo mguu wa kulia ukipimwa umenyooka na wa kushoto ukapimwa umekunjwa, au kipimo cha mwezi huu kikachukuliwa kwa ubavu na cha mwezi ujao kifudifudi, tofauti itakayoonekana huenda ikawa ya mlalo, si ya ugonjwa.

Nimerudi sasa kwenye swali la akina mama. Makatazo yaliyopokewa juu ya kulala kifudifudi yanahusu namna ya mtu kujilaza mwenyewe usingizini, na wanazuoni wengi wameyachukulia kuwa ni karaha, na karaha huondoka panapokuwa na haja. Kulazwa juu ya tumbo kwa dakika kumi ili mshipa uonekane hakuingii humo. Imran bin Husayn, radhi za Allah zimfikie, alipokuwa na bawasiri alielekezwa na Mtume, rehema na amani zimshukie, asali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Ikiwa nguzo ya Sala yenyewe hufuata hali ya mgonjwa, mlalo wa kitanda cha hospitali una wepesi zaidi.

Suala la sitara ndilo lenye uzito. Katika madhehebu yetu ya Shafi, baina ya kitovu na goti ni uchi hata mbele ya mwanamke mwenzako, sembuse mbele ya mwanamume. Kwa hivyo kumpata daktari mwanamke hakuondoi wajibu wa kusitiri kisichohitajiwa. Lakini yeye ndiye atangulizwe anapopatikana. Asipopatikana, mwanamume mwaminifu hujuzu, awepo mahramu au wanawake wa kuaminika chumbani, na kifunuliwe kile tu ambacho kipimo chakihitaji. Kiasi hicho ni kidogo kuliko tunavyodhani. Kwa picha ya nyuma ya goti, uvungu wa goti na kama shubiri moja juu yake watosha. Makalio hayana haja ya kuonekana. Kwa kifundo, yatosha kufunua mpaka shavu la mguu. Kwa kinena, leso moja hufunika tumbo na nyingine hufunika paja, ukabaki ufa wa upana wa kiganja. Muuguzi akikufunua zaidi ya hapo, mwambie kwa upole afunike, naye hana hoja ya kitabibu ya kukukatalia.

Basi siku ya kipimo vaa suruali pana inayokunjika juu ya goti bila kubana, kwani mpindo wenye kubana paja huvuta ngozi na kubana vena. Chukua leso mbili pana. Ukiwa mjamzito, au una kiungulia kikali, au pumzi hukukatika ukilala, sema kabla hujapanda kitandani. Uliza ni mlalo gani utatumika, na ukiwa na picha ya zamani ibebe ili mlalo uwe ule ule. Wakati wa kipimo legeza mguu na uchezeshe wayo pale tu unapoambiwa. Ukidungwa ganzi, mguu hautakubeba kwa saa kadhaa, na wengine hukaa hivyo mpaka usiku. Usijaribu kushuka peke yako kwenda kutawadha; omba maji yaletwe, sali umekaa.

Na kuhusu jeli, maana nalo huulizwa: si najisi, na sehemu yake kubwa ni maji. Ifute kwa karatasi. Kama kipimo kilikuwa cha kifundo, ambacho ni kiungo cha udhu, kioshe vizuri mpaka ule utelezi uondoke, kisha tawadha kama kawaida.